Missa Luba ya Kamina: nani njo mtungaji?

Utangulizi

Katika nyimbo zote za kanisa zilizotoka mu Kongo, hakuna iliyotembea mbali sawa Missa Luba. Ilizaliwa Kamina, kwa Waluba wa Katanga, mwaka wa 1958. Tangu hapo imeimbwa Ulaya na Marekani, na mu 1990 hata ndugu zetu wa Kenya, wale wa Muungano National Choir wakiongozwa na Boniface Mganga, waliiweka ndani ya disiki yao. Wapenda sinema wanaijua pia: Gloria yake inasikika katika filamu ya Pasolini juu ya Injili ya Matayo (1964), na Sanctus yake katika filamu ya Waingereza If.... (1968).

Lakini tukiuliza swali moja tu, nani aliitunga, tunapata majibu mawili. Wa kwanza wanasema: ni Padri Guido Haazen, jina lake si liko kwenye karatasi ya noti? Wa pili wanasema: hapana, hakuna mtu aliitunga, ilitoka tu yenyewe mu vinywa vya watu, sababu Waafrika wanaimba vile ndege wanaimba. Katika andiko hili tunataka kuonyesha kwamba majibu haya mawili, hata kama yanaonekana kupingana, yanafanya kosa moja. Na kosa lenyewe linatoka katika namna ya kuchambua muziki.

Kuchambua muziki ni elimu kubwa. Katika mashule ya juu ya muziki, mwanafunzi anachukua kazi ya Bach au ya Mozart, anaangalia noti kwa noti gisi ilivyojengwa: wimbo unaanzia wapi, unarudia wapi, sauti ya chini inabeba nini, neno fulani limepewa sauti gani na kwa sababu gani. Hatukatai elimu hiyo. Tunaomba tu ipime wote kwa kipimo kimoja.

1. Historia kwa ufupi

Padri Guido Haazen alikuwa Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, mzaliwa wa Antwerpen. Alifika Kamina mu 1953, akapewa kazi ya mashule. Mwaka uliofuata alianzisha kikundi cha waimbaji: watoto wapata 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wapata 15. Kikundi kikabeba jina la mfalme wa Wabelgiji wa wakati ule: Les Troubadours du Roi Baudouin. Mu 1958 walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, hata kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Bruxelles. Mbele ya safari hiyo, tarehe 23 mwezi wa 3, misa ilikuwa imekwisha kuimbwa Kamina kwenyewe, kanisani.

Mwimbishaji, yule anayeanzisha na wengine wanaitikia, alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina. Jina lake limebaki. Majina ya walimu wengine na ya watoto, mara mingi hayasemwi.

Misa yote haifiki robo ya saa. Ina sehemu sita: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei. Maneno ni ya Kilatini, sababu wakati ule misa ilikuwa ya Kilatini. Mlango wa lugha zetu ulifunguliwa na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwezi wa 12 wa 1963. Waliotoa disiki walisisitiza kwamba misa hii haikuandikwa: waimbaji waliifanya kwa kusikilizana, wakipokezana mu mazoezi. Noti zilikuja kiisha. Partisio iliyoenea zaidi ilitoka New York mu 1969, kwa wachapaji Lawson-Gould, na jina la mtengenezaji lililo juu yake ni la Padri Haazen.

Tumheshimu Padri kwa haki yake. Katika siku zile misioni nyingi zilihesabu ngoma kuwa kitu cha kipagani, na mtoto wa shule aliyepatikana anaimba nyimbo za kijiji aliweza kupata azabu. Mtu aliyefungulia ngoma mlango wa kanisa mbele ya Mtaguso alihitaji moyo. Lakini kufungua mlango ni kazi moja, na kuingia na wimbo ni kazi ingine.

2. Kasala na wimbo wa kuagana

Tuangalie sasa vitu vilivyotumiwa kujenga misa. Kyrie, Gloria na Credo zinafuata namna ya kasala. Sanctus na Benedictus zinafuata wimbo wa kuagana wa Kiluba. Hosanna inacheza mapigo ya ngoma ya Kasai. Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Luluwa, watu wa upande wa Luluabourg, ni kusema Kananga ya leo.

Tusimame kwanza kwa kasala. Wataalamu wa kwetu wameisoma vizuri: Patrice Mufuta aliandika juu yake mwishoni mwa miaka ya 1960, na Clémentine Nzuji alitoa kitabu chake hapa Lubumbashi mu 1974. Kasala ni utenzi wa majina. Mwimbaji anamwita mtu kwa majina yake, anataja ukoo wake, baba na babu zake, matendo yao, sifa zao. Inaimbwa mu sikukuu, zamani iliimbwa mu vita, na zaidi ya yote inaimbwa kwenye kilio. Anayeimba kasala ya marehemu anamwita sawa vile mtu anaita aliye mbali, ili asikie.

Sasa tusome maneno ya Kyrie. Ni nini? Ni jina na ombi, basi. Bwana, utuhurumie, Kristu, utuhurumie. Hakuna hadisi, hakuna mafundisho. Yule aliyechukua namna ya kasala akaiweka pale hakufanya hivyo juu wimbo ulikuwa mtamu tu. Alijua kwamba kwa Waluba kuna namna moja ya kumwita aliye mkubwa kwa jina lake huku unalia, na namna hiyo njo kasala. Huo ni ufahamu wa maneno na wa muziki kwa pamoja.

Credo vilevile. Katikati ya Credo kuna kifo: alisulubiwa, akateswa, akazikwa. Kwa msikilizaji Mluba, kusikia habari hiyo mu sauti ya kasala ni sawa kuambiwa: nyumbani kuna kilio, aliyekufa ni wa kwetu.

Na Sanctus? Misa ingine nyingi zinafanya Sanctus iwe ya kupiga kelele ya furaha, sababu ni wimbo wa malaika. Ile ya Kamina inaanza pole pole, sauti ya chini, mwimbishaji anaita na wengine wanaitikia kwa utaratibu; ngoma ya Kasai inakuja kuamka kwa Hosanna. Kwa nini wimbo wa kuagana mahali pale? Tunaweza kukumbuka kwamba Sanctus inaimbwa mbele tu ya padri kurudia maneno ya karamu ya mwisho, usiku ule Yesu aliagana na mitume. Hatusemi kwamba walimu wa Kamina walikaa mezani wakaandika sababu hiyo. Tunasema kwamba anayechambua kazi ya Mozart hangeacha kuuliza swali sawa hilo, na kwa Missa Luba watu wengi wanapita bila kuliuliza.

3. Bach alifanya vilevile

Hapa njo penye moyo wa andiko letu. Tuchukue misa inayohesabiwa kuwa mlima mkubwa wa muziki wa Ulaya, ile Misa ya si ndogo ya Johann Sebastian Bach, aliyoimaliza mwishoni mwa maisha yake, mu miaka 1748 na 1749. Inachukua karibu masaa mawili. Katika Credo yake kuna kipande cha Crucifixus. Sauti ya chini inashuka hatua ndogo kwa ndogo, inafika chini, inaanza tena. Inarudia hivyo mara 13. Wachambuzi wote wanaeleza: kushuka namna hiyo ilikuwa alama ya kilio katika muziki wa Ulaya tangu zamani, watu walioimba maombolezo mu tamthilia walishushwa vile vile. Bach alichukua alama ya kilio iliyojulikana na watu wake, akaiweka mahali pa kifo.

Tena, Bach hakutunga kipande hicho upya. Alikitoa katika kantata yake ya 1714 inayosema juu ya kulia na kuomboleza, akabadilisha maneno, akatengeneza hapa na pale. Hakuna mtu anasema kwamba Bach alikusanya tu. Wanasema: angalieni ufundi.

Twende nyuma zaidi. Kuna wimbo mmoja wa mitaani, L'homme armé, unaosema juu ya mtu mwenye silaha. Katika karne ya 15, ya 16 na ya 17 watungaji wakubwa wa Ulaya, Dufay, Josquin, Palestrina na wenzao, waliuchukua wakaujenga ndani ya misa; misa zaidi ya 40 za namna hiyo zimehifadhiwa. Wimbo haukuwa wa kanisa hata kidogo. Vitabu vya historia ya muziki vinawaita watungaji, kila mtu na jina lake.

Basi tulinganishe. Bach anaweka alama ya kilio ya watu wake mahali pa kifo: ni utunzi. Walimu wa Kamina wanaweka kasala mahali pa kilio: ni folklori. Dufay anaingiza wimbo wa mitaani mu misa: ni utunzi. Joachim Ngoi anaingiza wimbo wa kuagana mu misa: ni kipaji cha asili cha Mwafrika. Kazi ni ileile, jina njo limebadilika. Ingekuwa tofauti ni kwamba mmoja aliandika na mwingine hakuandika, sawa. Lakini kuandika ni namna ya kuhifadhi. Kuchagua wimbo gani uende na neno gani, nani aanze, wengine waingie lini, ngoma inyamaze wapi: yote hayo yanafanyika kichwani na sikioni mbele ya kalamu, hata kwa Bach.

Wengine watajibu: kule mtungaji alikuwa mtu mmoja, huku walikuwa wengi. Ni kweli. Lakini wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, na hata hivyo chawa anakufa; hatusemi kwamba alijiua mwenyewe. Kazi ya watu wengi ina wenyewe wengi. Haikosi mwenyewe.

Njo maana majibu mawili tuliyoyataja mwanzoni yanafanana. Anayesema yote ni ya Padri Haazen anawafuta walimu wa Kamina. Anayesema imetoka yenyewe tu, safi, bila mkono wa mtu, anawafuta pia. Tena neno hilo la "safi" si la kweli: ndani mna Kilatini, mna utaratibu wa misa ya Roma, mna watoto waliofundishwa shuleni na padri. Ni kazi ya watu waliojua vyote viwili, kijiji na misioni, wakachagua.

4. Mistari mitano haitoshi

Tatizo lingine ni chombo chenyewe cha uchambuzi. Mtaalamu anataka partisio kwanza. Mu 2005, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Greensboro, Marekani, Marc Ashley Foster alitoa chapa mpya ya Missa Luba pamoja na uchambuzi wa kusaidia viongozi wa korali. Ni kazi ya maana. Kiongozi wa mbali ambaye hajawahi kusikia Mluba akiimba anahitaji msaada wa namna hiyo. Lakini lazima tujue noti zinabeba nini na zinaacha nini.

Jambo la kwanza ni mapigo. Partisio ya Ulaya inakata muziki kwa mistari ya kusimama, na pigo la kwanza kiisha mstari linahesabiwa kuwa la nguvu. Katika ngoma zetu nyingi mambo hayaendi hivyo. Tuchukue mzunguko wa mapigo 12: mkono mmoja unaweza kuyagawa mara nne, mkono mwingine mara tatu, na miguu ya wachezaji ikafuata njia yake. Nani ana pigo la nguvu? Kila mmoja ana lake. Ukichora mstari wa kusimama, umekwisha kuchagua mmoja na kuwashusha wengine.

Simha Arom, aliyefanya kazi miaka mingi mu Jamhuri ya Afrika ya Kati, alielewa shida hiyo. Namna yake ilikuwa hii: anarekodi mpigaji mmoja peke yake, kiisha anamwekea wa pili vyombo vya masikioni ili asikie sehemu ya wa kwanza na aongeze yake, kiisha wa tatu, mpaka kila sehemu inapatikana peke yake. Anachoandika, anakirudisha kwa wenyewe: ni hivi, ao si hivi? Kitabu chake kikubwa kilitoka Paris mu 1985. Tunachopenda kwake ni kwamba hakimu wa mwisho ni mwimbaji, hapana karatasi.

Jambo la pili ni sauti zinazotembea pamoja. Mu rekodi ya 1958 tunasikia sauti zikiachana kwa hatua ya tatu, sawa do na mi, re na fa, zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Mtu wa haraka atasema: ah, hiyo ni harmoni ya Wazungu, Padri njo aliwafundisha. Polepole. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, alionyesha kwamba watu wa mashariki ya Angola, kama vile Wachokwe ambao wako hata huku kwetu, wana desturi yao wenyewe ya kuimba kwa tatu sambamba. Basi kusikia tatu tu hakutoshi kuamua. Pengine zilitoka misioni, pengine kijijini, pengine zilikutana njiani. Partisio peke yake haiwezi kujibu. Lazima kuuliza watu, na kusikiliza nyimbo zingine za kijiji kilekile.

Jambo la tatu ni lugha, na hili linatugusa zaidi. Kiluba na Ciluba ni lugha za toni: neno linabadilika maana kufuatana na sauti ya juu ao ya chini. Wasomaji wasiojua lugha hizo wakumbuke Lingala: moto kwa sauti ya chini ni mtu, lakini ukipandisha silabi ya mwisho inakuwa kichwa. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza mu kitabu chake cha 1949 gisi ngoma ya Walokele inasema habari: inafuata toni za maneno, ya juu na ya chini. Maana yake, kwetu wimbo unaanzia ndani ya neno. Mwimbaji wa kasala hana ruhusa ya kupandisha popote anapotaka, neno lenyewe linamwonyesha njia.

Kilatini hakina toni. Kwa hiyo, katika Missa Luba, sauti ya kasala ilipata uhuru ambao kijijini haina: iliweza kupanda na kushuka bila kuharibu maana. Hapo kuna faida na hasara. Faida, misa inaimbwa na mtu yeyote wa dunia. Hasara, kamba iliyofunga wimbo na neno imekatwa, na imebaki namna tu ya kasala: kuita, kuitikia, kulia. Mchambuzi asiyejua toni hawezi kuona faida hiyo wala hasara hiyo. Ataandika kwamba wimbo unapanda kwa noti fulani, bila kujua kwamba kijijini mwimbaji angeuliza kwanza neno linaruhusu ao halikubali.

Na hapa korali zetu zina somo. Mara mingi tunachukua wimbo wa Ulaya, tunatia maneno ya Kiluba ndani, tunaimba. Wazee wanakaa kimya, juu maneno yamegeuka. Hata kwa Kiswahili, ambacho hakina toni, kuna kanuni: nguvu inakaa kwa silabi ya pili kutoka mwisho. BWAna, MUngu, baRAka. Wimbo unaoweka pigo la nguvu kwa silabi ya mwisho unasema "bwaNA", na mtoto anacheka. Uchambuzi wa muziki ungeweza kutusaidia hapo siku zote.

Kuna mfano mzuri wa kazi iliyofanywa na mtu wa kwetu juu ya mtu wa kwetu. Mu 1987, katika gazeti la African Music, Kishilo w'Itunga alichapisha uchambuzi wa Messe katangaise ya Joseph Kiwele. Kiwele (1912–1961) alikuwa mwalimu na mwanamuziki wa Élisabethville. Njo alitunga wimbo wa taifa la Katanga mu 1960, akawa na waziri wa elimu wa serikali ile. Yeye alijua kuandika noti, jina lake liko juu ya kazi yake, mchambuzi alijua pa kuanzia. Walimu wa Kamina hawakupata bahati hiyo. Lakini kukosa partisio si kukosa utunzi.

5. Luba na Luluwa mu misa moja

Wengine watauliza: mambo ya wimbo wa kijiji gani uliingia mu misa yanatusaidia nini leo? Tujibu kwa Agnus Dei.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya B.C.K. iliyotoka Katanga kwenda Luluabourg mpaka Port-Francqui ilipita pale, na watu wa Kasai na wa Katanga walikutana humo kwa kazi, shule na ndoa. Si ajabu basi kukuta mu misa moja wimbo wa kuagana wa Kiluba, ngoma ya Kasai, na wimbo wa Bena Luluwa. Jina "Luba" juu ya disiki linaficha utajiri huo kidogo, uchambuzi unaufunua.

Sasa tuangalie tarehe. Misa iliimbwa mu 1958. Mwezi wa 10 wa 1959, kule Luluabourg, Waluba na Waluluwa walishikana kwa vita. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, Waluba wengi walikimbia. Na sehemu ya mwisho ya misa ile, inayomaliza kwa kuomba amani, ilikuwa imejengwa kwa wimbo wa Bena Luluwa. Kiisha, mu 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi. Familia zilikaa wiki na wiki kwenye magare wakingoja treni, wengine walifia palepale. Treni zile zilipita reli ileile iliyokuwa imeleta nyimbo.

Misa haikuzuia vita, na hatuwezi kuidai hivyo. Lakini inatoa ushahidi. Inaonyesha kwamba walimu wa Kamina, walipotafuta wimbo wa kuomba amani, walipokea wa jirani, na waliona unafaa. Mtu akisema leo kwamba hawa na wale hawajawahi kuwa na kitu kimoja, tunaweza kumjibu kwa sikio: sikiliza. Ila ushahidi huo unapatikana paka kama tunajua wimbo gani ulitoka wapi. Ukisema "imetoka yenyewe", umeutupa.

6. Tufanye nini?

Kwanza, kila korali inayoimba Missa Luba iandike mu programu yake: kazi ya Joachim Ngoi na waimbaji wa Kamina, pamoja na Padri Guido Haazen. Ni mstari mmoja tu, hauleti gharama.

Pili, watoto wa 1958 waliokuwa na miaka 9 mpaka 14, leo wamepita 75. Walio hai ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Vijana wetu wana simu zinazorekodi sauti vizuri kuliko mashine za wakati ule. Waende Kamina, mu Haut-Lomami, na popote wazee hao wanapoishi. Wawaulize: nani alileta wimbo huu? Kijijini uliimbwa kwa maneno gani? Nani alisema uende kwa Sanctus? Sauti za tatu mlizifundishwa, ao mlikuwa nazo? Na majina: nani alikaa kulia kwako, nani kushoto?

Tatu, viongozi wa korali wasianze kwa noti. Waanze kwa kusikiliza kasala, hata moja, kutoka kwa mtu anayeijua, na kwa kuelewa maneno yake. Kiisha wafungue partisio. Wataona wenyewe nini kimeandikwa na nini kimebaki nje.

Nne, tuandike uchambuzi wetu mu lugha zetu. Elimu ya muziki imesemwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, na hakuna sababu isisemwe kwa Kiluba, Ciluba na Kiswahili. Kuita, kuitikia, kupokea, kushusha, kufunga: maneno tunayo. Wazee walioimba Missa Luba walikuwa wakiyatumia kila siku mu mazoezi yao, na bila shaka walibishana kwa maneno hayohayo mpaka wakakubaliana. Kubishana kule njo kulikuwa kutunga.